Kutu Huanzia Chini

Ukisimama wima katika shamba la soya lililochanua, huoni ugonjwa. Unaona kijani kilichofunga nafasi kati ya mistari, majani ya juu yaliyolikabili jua, na hapa na pale ua dogo la zambarau lililojificha pale kikonyo kinapokutana na shina. Shamba la namna hiyo humfurahisha mwenyewe. Ndiyo maana mama ninayeandika habari zake hapa hafanyi kazi akiwa amesimama. Hupiga goti.

Anaishi Musaga, kusini mwa Bujumbura, pale barabara ya kitaifa namba 7 inapoanza kupanda milima kuelekea Ijenda. Kinachomlisha ni unga wa uji: soya iliyokaangwa, mahindi na mtama, vikasagwa pamoja. Kina mama wa mtaani huununua kwa ajili ya watoto wanaoachishwa ziwa. Sehemu ya soya anailima mwenyewe kwenye vishamba vilivyo juu ya mtaa, katika ukanda wa Mumirwa, ule mteremko mrefu ulio kati ya tambarare ya Imbo kando ya Ziwa Tanganyika na baridi ya Mugamba. Sehemu nyingine huinunua kwa majirani wa huko huko mlimani.

Ugonjwa alianza kuujulia kwenye ungo. Kuna misimu soya ilimjia nyepesi, punje ndogo zilizosinyaa, na wauzaji wakilalamika kwamba maganda mengi yalikuwa na punje moja tu au hayakuwa na kitu. Anayenunua kwa kilo anaweza asijali. Anayekaanga hujali, kwa sababu punje iliyosinyaa huungua kabla nzima haijaiva, na unga wote ukaingia uchungu. Basi akapanda mlima kwenda kuuliza kilichozipata punje zake, na tangu hapo hajaacha kupanda.

Kilichozipata ni kutu ya soya. Kuvu inayoileta, Phakopsora pachyrhizi kwa jina la kitaalamu, ilijulikana kwanza Japani, mwaka 1902. Katika upande wetu wa Afrika iliripotiwa Uganda, Kenya na Rwanda mwaka 1996. Taarifa ya kitaalamu kuhusu Kongo ilichapishwa 2007, na ya Tanzania 2014. Tazama ramani: Rwanda kaskazini, Tanzania mashariki na kusini, Kongo ng'ambo ya ziwa. Kuvu hii haihitaji lori wala gunia. Spora zake ni vumbi jepesi linalopeperuka na upepo kutoka bonde hadi bonde, na hata bahari haizizuii: mwaka 2004 ilipoonekana Marekani kwa mara ya kwanza, katika jimbo la Louisiana, wataalamu walikitaja kimbunga Ivan kuwa ndicho kilichoibeba kutoka Amerika ya Kusini. Inapoachwa bila kuzuiwa, huweza kuondoka na zaidi ya nusu ya mavuno, na kumbukumbu za utafiti zinataja hasara inayofika asilimia 80.

Mama huyu haingii shambani alfajiri. Hili lilinishangaza, maana wakulima wa milimani huwa wameshashika jembe kabla hakujapambazuka vizuri. Yeye hufika mapema, lakini huketi ukingoni akisubiri majani yakauke. Mumirwa inatazama magharibi, kwenye ziwa, na jua huchomoza nyuma ya mlima. Kwa hiyo asubuhi huchelewa kufika huku, na umande hukaa. Ana sababu mbili za kusubiri. Ya kwanza ni usafi: ukipita kati ya mimea iliyolowa, mikono na nguo zako husambaza bakteria kutoka jani hadi jani, na mkaguzi akageuka mleta ugonjwa. Ya pili ni kwamba kule kusubiri nako ni kupima. Kutu huhitaji jani liwe na maji kwa muda wa saa 6 hivi, na hali ya hewa isiyo kali, kati ya nyuzi 15 na 28, ndipo spora iote na kupenya. Anapoketi pale huandika kwenye daftari la shule, kwa penseli kwa sababu wino hutawanyika karatasi ikilowa, saa ambayo majani ya kila kona yamekauka. Kona iliyo chini ya migomba hukauka mwisho. Kona hiyo ndiyo anayoiwekea alama.

Majani yakishakauka, bado kuna utaratibu. Huanza na shamba analoamini ni safi na kumalizia na lile analolishuku, ili asibebe vumbi la kuvu kwenye kitenge chake kupeleka ambako halijafika. Ndani ya shamba hafuati mstari mmoja. Hukata kwa mshazari, akisimama kila baada ya hatua kadhaa, na kwenye zile kona zilizochelewa kukauka hukaa muda mrefu zaidi. Nimewaona wakaguzi wengine, vijana wenye bidii, wakipita ukingoni mwa shamba wakigeuza majani yaliyo karibu na mkono. Majani hayo ndiyo yenye upepo na jua kuliko yote. Kutu huyafikia mwisho.

Anapopiga goti hufungua mimea kwa mikono miwili, taratibu, mpaka shina lionekane hadi kwenye udongo. Ndani mle hewa ni nyingine: kuna ubaridi na unyevu, na harufu ya udongo uliofunikwa. Spora iliyoangukia humu imekingwa na jua, na jani lake hukawia kukauka. Huchuma jani kutoka theluthi ya chini ya mmea, likiwa na vijani vyake vitatu, bila kulikata ovyo. Hukibana kikonyo kwa kucha ya kidole gumba na kukivuta kuelekea chini ili shina lisichubuke. Majani yaliyokwisha kuwa ya manjano na kuanguka hayamshughulishi. Kutu huishi kwenye jani lililo hai, naye hutafuta jani la chini ambalo bado ni kijani.

Kwanza hulinyanyua kulielekeza kwenye anga. Mwanga ukipita ndani ya jani, mishipa yake hujichora yote, na penye dosari panaonekana pana kivuli. Doa la kutu changa ni nukta, pengine ya kijivu iliyochanganyika na kijani, pengine ya manjano iliyofifia, na ukilitazama jani kwa kawaida huioni kabisa. Siku zinavyokwenda nukta hugeuka kahawia na kupata pembe, kwa sababu mishipa ya jani huizuia isitanuke kama duara. Akiiona, huiwekea ukucha pembeni ili asiipoteze, kisha hugeuza jani.

Hapo ndipo lenzi inapotoka. Ni lenzi ndogo ya kukunja, inayokuza mara kumi, imefungwa kwa uzi shingoni. Wengi wetu tukipewa lenzi huiweka juu ya kitu na kuisogelea. Yeye huiweka karibu kabisa na jicho, huegemeza mkono kwenye shavu ili usitikisike, kisha huleta jani polepole mpaka liwe wazi. Huligeuza jua liwe ubavuni. Mwanga wa ubavuni hukipa kila kinundu kivuli chake, na kivuli ndicho kinachotofautisha kilichoinuka na kilicho bapa.

Aliponipa zamu ya kutazama nilianza kwa kuona msitu. Mgongo wa jani la soya una nywele, nyeupe na ndefu, na jicho lisilozoea hupotelea humo. Baada ya muda nywele zikasogea pembeni, nami nikaviona vipele: vilima vidogo vya rangi ya udongo mkavu, kila kimoja na tundu kileleni, mfano wa volkano ya Nyiragongo ukiitazama kutoka angani. Katika tundu la kimoja kulikuwa na chembe za rangi ya kahawia hafifu zilizorundikana, zikitaka kumwagika. Hizo ndizo spora. Kipele kimoja huweza kuendelea kuzitoa kwa wiki tatu hivi.

Sasa ifikirie ratiba ya kuvu yenyewe, maana kazi yote ya mama huyu imejengwa juu yake. Spora inatua jioni. Usiku umande unaiamsha, nayo inaota. Kutu nyingine nyingi hupenya kupitia matundu ambayo jani hupumulia. Hii hutoboa ngozi ya jani moja kwa moja. Siku nne au tano baadaye nukta huanza kuonekana kwa anayejua pa kutazama. Ikifika takriban siku ya tisa, vipele vimefunguka na vumbi jipya linatoka kwenda kwenye majani mengine. Mzunguko huo hujirudia, kila mara na vipele vingi kuliko mara iliyopita, ukipanda mmea kutoka chini kwenda juu. Mkulima aliyesimama wima huona manjano kileleni mwa shamba wakati mizunguko kadhaa imeshapita. Muda wa kufanya jambo lenye faida uko kati ya nukta ya kwanza na manjano hayo, na ni mfupi.

Lakini ustadi ninaouheshimu zaidi kwake ni ule wa kukataa. Si kila doa ni kutu, na soya ina madoa mengi. Kuna doa la kahawia liletwalo na kuvu ya Septoria, nalo linasumbua kwa sababu linaanzia chini vilevile, kwenye majani yale yale. Ila ukiligeuza na kuliangalia kwa mwanga wa ubavu, ni bapa, halina kinundu. Kuna doa la mviringo lenye kitovu cha kijivu na ukingo wa zambarau, ambalo huonekana vizuri upande wa juu. Kuna ukungu uletao mabaka yaliyopauka juu ya jani na manyoya ya kijivu chini yake, ukipenda zaidi majani machanga. Mshindani mkubwa wa kutu ni vipele vya bakteria. Vimeinuka, viko mgongoni mwa jani, rangi zinakaribiana. Tofauti ni kwamba mara nyingi vimezungukwa na utepe wa manjano, na kileleni havina tundu. Vikipasuka hupasuka ufa, wala havitoi vumbi.

Tofauti hiyo ya tundu na ufa, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa jicho tupu, ina bei. Dawa ya kuvu haiui bakteria. Mkulima wa Mumirwa akikimbilia dawa kwa sababu ya vipele vya bakteria, amemwaga mtungini fedha za ada ya shule na shamba lake limebaki vilevile. Jirani mmoja, kijana aliyepanda soya kwa mara ya kwanza, alimletea jani akihema.

"Mama, ni kutu hii?"

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Alilitazama kwa lenzi, akalipeleka kwenye mwanga, akalirudia. Akatoa karatasi nyeupe mfukoni, akaikwangua ile sehemu kwa ncha ya ukucha juu ya karatasi. Hakikudondoka kitu. Kijana alidhani jibu limepatikana. Yeye akasema bado, maana kipele kichanga huwa hakijafunguka.

Akaliweka jani kwenye kopo la margarini lenye mfuniko, juu ya kipande cha karatasi ya chooni kilicholowanishwa na kukamuliwa. Zamani angetumia mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Burundi, na kopo linafanya kazi ileile, pengine vizuri zaidi kwa kuwa halilibani jani. Jani hulazwa tumbo chini, mgongo juu. Mfuniko hufungwa. Kopo hukaa usiku kucha nyumbani Musaga, mahali pasipo na jua, mbali na jiko. Kama vile vinundu ni kutu, unyevu utavifungua, na asubuhi kila kimoja kitakuwa kimejitwika kilima cha vumbi kinachoonekana hata bila lenzi. Kama sivyo, jani litakuwa limelowa tu.

Kijana yule alitaka jibu jioni ileile. Duka la dawa lilikuwa bado wazi. Nilimhurumia, maana anayeogopa kupoteza shamba huona kila saa ni hasara. Lakini nilivutiwa na namna mama alivyobeba ile haraka ya mwenzake bila kuikubali na bila kuidharau. Alimweleza kuvu inavyokwenda, siku kwa siku, akimhesabia kwa vidole, mpaka mwenyewe akaona kwamba usiku mmoja wa kopo hautaliangamiza shamba. Asubuhi kopo lilifunguliwa mbele yake. Hapakuwa na vumbi. Ilikuwa bakteria, na ushauri ukawa asiingie shambani majani yakiwa yamelowa, na msimu ujao asipande soya kwenye kipande kilekile.

Siku jibu linapokuwa kutu, maamuzi hutegemea umri wa mmea. Hufungua ganda la katikati na kupima punje kwa ncha ya kidole. Kama soya inachanua au maganda ndiyo yanaanza, kupulizia kuna maana, nayo ni dawa ya kuvu kutoka duka linalojulikana, kwa kipimo anachotoa mtaalamu wa kilimo wa komine, pua na mdomo vimefunikwa. Mdomo wa pompu huelekezwa ndani, chini, kule alikopiga goti. Wengi hupulizia juu, majani ya juu yakameta, na ugonjwa ukabaki kivulini bila kuguswa. Kama punje zimekwisha kujaa ganda, humwambia mkulima aache fedha zake mfukoni, mavuno yameshaamuliwa. Kumwambia mtu hivyo akiwa amesimama katika shamba lenye ugonjwa kunataka moyo.

Mbegu yenyewe haiilaumu. Kutu haisafiri ndani ya punje, na mtu hatapona kwa kubadilisha gunia tu. Aina ya mbegu ndiyo yenye maana. Uganda walilielewa hilo mapema: baada ya 1996 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Makerere chini ya Profesa Phinehas Tukamuhabwa, walizalisha mbegu zinazostahimili kutu, na Maksoy 1N ilitolewa kwa wakulima mwaka 2004, zikafuata nyingine. Hata hivyo kuvu hii ina sura nyingi, na mbegu iliyoishinda miaka kadhaa huweza kuanza kushindwa. Macho bado yanahitajika nyuma ya mbegu bora. Yanahitajika pia nyuma ya simu. Ipo programu ya Nuru iliyofundishwa kutambua magonjwa ya mihogo kwa kamera, na sina shaka soya nayo inapata zake. Nazipokea kwa mikono miwili. Kamera huona jani lililoletwa mbele yake. Lipi liletwe, kutoka kona gani na theluthi ipi ya mmea, ni juu ya mtu anayelijua shamba.

Siku hizi hupanda mlima na binti wa mdogo wake, ambaye humwita mama mkubwa. Nilitegemea angemwonyesha kutu siku ya kwanza. Hakufanya hivyo. Kwa wiki kadhaa binti alipewa majani mazima tu: atazame nywele zinavyolala, mishipa inavyogawanyika, jani la chini linavyozeeka bila ugonjwa, alama inayoachwa na tone la mvua lililorusha udongo, tundu la mdudu. Alichoka na akasema kuwa amechoka. "Ukilijua jani zima," alijibiwa, "lenye kitu litakuita lenyewe." Jani lenye kutu alipewa baadaye, limechanganywa na mengine bila kuambiwa, naye akalitenga peke yake kwenye ukingo wa kitenge na kuomba lenzi.

Daftari lina safu nne: kona, saa ya kukauka, umri wa soya, kilichoonekana. Katika safu ya mwisho neno linalojirudia ukurasa baada ya ukurasa ni "hakuna". Ameliandika kila mara kwa ukamilifu, bila kuweka alama ya kurudia chini ya lile la juu, kwa sababu kila "hakuna" ni kona aliyoipigia goti siku hiyo. Katika ukurasa niliouona mwisho, kona ya migomba ilikuwa na maandishi mengine: jani la tatu kutoka chini, nukta mbili, kopo. Chini yake ameandika kwamba majirani watatu wa upande unakoelekea upepo waambiwe kabla ya Jumamosi, na kwamba maharage yaliyo mpakani yakaguliwe pia, kwa kuwa kutu ya soya huweza kujihifadhi humo.